Safari ya Unguja Baada ya Kufungwa kwa Mipaka



Katika safari ambazo watu wa pwani yetu walikuwa wakizihesabu kuwa nyepesi ni safari ya kutoka Mombasa kwenda Tanga na Unguja. Mtu alifunga mzigo wake jioni, akaondoka baada ya sala ya Alfajiri, wala majirani hawakumlilia, kwa kuwa walijua kwamba anakwenda kwao vile vile kama hapa alivyo kwao. Wazee wetu walioana huku na huko, wakasoma kwa masheikh wa huku na wa huko, na makaburi yao yako pande zote mbili.

Mwaka 2020 njia hiyo ilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Baadaye ikafunguliwa, lakini walioacha kuipita kwa amri, wengi wao wameendelea kuacha kuipita kwa mazoea. Hilo ndilo lililotusukuma kuandika. Twataka kueleza jinsi njia ilivyofungwa, na hukumu ya jambo hilo katika dini yetu, kisha tueleze tuliyoyaona tulipokwenda Unguja mwezi wa Rajabu 1445, yaani Januari 2024, ili kila mwenye jamaa ng'ambo ya mpaka apate kuzingatia.

JINSI NJIA ILIVYOFUNGWA

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi hayo yameenea ulimwengu mzima. Siku mbili baadaye Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza, na tarehe 16 mwezi huo huo Tanzania nayo ikatangaza wake. Kabla ya hapo, tarehe 27 Februari, Serikali ya Saudi Arabia ilikuwa imekwisha kuwazuia watu wa Umra watokao nchi za nje. Hija ya mwaka huo wakahiji watu wachache mno, nao ni wale waliokuwamo ndani ya nchi hiyo tu, ilhali mwaka uliotangulia mahujaji walikuwa zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2021 wakaruhusiwa watu elfu 60, nao pia ni wakazi wa huko. Mwaka 2022 milioni moja. Na mwaka 2023 wakahiji zaidi ya milioni moja na laki nane. Basi ikiwa njia ya Nyumba Tukufu ilifungwa na kufunguliwa kwa vipimo namna hiyo, si ajabu kwamba njia zetu ndogo nazo zilifungwa.

Mombasa mambo yalikuja moja baada ya moja. Ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa tarehe 25 Machi 2020. Tarehe 27 ikaanza marufuku ya kutoka nje usiku. Tarehe 8 Aprili ikakatazwa kuingia Mombasa na kutoka. Na tarehe 6 Mei, nasi tumo katika Ramadhani, Mji wa Kale ambao ndimo tunamokaa na kusomesha ukazuiwa peke yake, mtu asiingie wala asitoke, hata mwanzo wa Juni. Misikiti ilikuwa imefungwa, na tarawehe tukaisali majumbani pamoja na watoto wetu. Tarehe 16 Mei Rais wa Kenya akatangaza kwamba mipaka ya Tanzania na ya Somalia imefungwa kwa watu wote isipokuwa malori ya mizigo, nao madereva wake sharti wapimwe kwanza.

Misikiti ilipofunguliwa mwezi wa Julai iliwekewa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi muda wa saa moja, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala walio juu ya miaka 58. Vyuo vya Kurani vilibaki vimefungwa. Kwa mwalimu wa chuo maana yake ni kwamba hapana wanafunzi, na pasipo wanafunzi hapana ada.

Upande wa Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko shule zilifungwa, lakini misikiti haikufungwa. Na ndege za abiria zilizosimamishwa mwezi wa Aprili ziliruhusiwa tena tarehe 18 Mei 2020, siku mbili tu baada ya Kenya kutangaza kuufunga mpaka. Kenya ilipofungua anga yake tarehe 1 Agosti bila ya kuitia Tanzania katika orodha ya nchi zilizoruhusiwa, Tanzania nayo ikazizuia ndege za shirika la Kenya, na mzozo huo haukwisha mpaka Septemba. Ikawa mtalii atokaye mbali aweza kushuka Unguja, na ndugu aliye Mombasa hawezi kumfikia ndugu yake.

Hata njia ilipoanza kulegezwa, ililegezwa kwa wenye nacho kwanza. Mwezi wa Mei 2021 Tanzania iliweka sharti kwamba mgeni aje na cheti cha kupimwa ambacho hakijapita saa 72. Kipimo hicho kwetu kiligharimu shilingi elfu kadhaa kwa mtu mmoja, na aliye na mke na watoto hakuweza kukilipia kwenda na kurudi. Tangu tarehe 17 Machi 2022 aliyekamilisha chanjo hakutakiwa tena cheti cha kupimwa, na mwishowe masharti yote ya maradhi hayo yakaondolewa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha.

Katika siku za kufungwa ndipo dada yetu mkubwa, aliyeolewa Unguja tangu mwaka 1981, alipofariki dunia. Aliugua moyo, wala si korona, na akafa mwezi wa Shawwal 1441, yaani Juni 2020. Khabari ilitujia kwa simu baada ya Adhuhuri, na ilipoadhiniwa Alasiri alikuwa amekwisha kuzikwa. Ndugu zake wa tumbo moja walioko Mombasa ni watano, na katika hao hakuna hata mmoja aliyelishika jeneza lake. Tulimsomea khitma nyumbani, watu wachache, tumeketi mbali mbali kama wageni wasiojuana. Na nyumba iliyopatwa na jambo kama hili si yetu peke yetu.

HUKUMU YA KUFUNGA NJIA KATIKA DINI YETU

Walikuwapo watu waliosema kwamba kufunga njia kwa ajili ya maradhi ni kukosa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Neno hilo si kweli. Mtume wetu (S.A.W.) amewakataza watu kuiingia nchi yenye tauni, na amemkataza aliyemo ndani ya nchi hiyo asitoke kwa kuikimbia. Huku ndiko kuzuia watu kuingia na kutoka, karne nyingi kabla Wazungu hawajaliita jambo hilo karantini.

Tena imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh alikutana na majemadari wa jeshi, naye Abu Ubayda bin al-Jarrah yumo, wakampa khabari kwamba tauni imeingia huko. Sayyidna Umar hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, wakakhitalifiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakaafikiana kwamba arudi na watu. Abu Ubayda aliona uzito, akauliza kama huku si kuyakimbia aliyoyakadiria Mungu. Sayyidna Umar akamfahamisha kwamba mtu akiacha kadari moja ya Mungu huiendea kadari Yake nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye pande mbili, upande mmoja una malisho na mwingine ni mkavu: popote achungapo, ni kwa kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo katika mashauri, akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), na Sayyidna Umar akamshukuru Mungu na kurejea. Abu Ubayda alirudi kwa watu wake, na akafa kwa tauni ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra, Mungu amwie radhi.

Katika kisa hiki mna mambo matatu ya kushika. La kwanza, kufunga njia kwa ajili ya maradhi ni sheria, wala si woga. La pili, mtawala hufanya mashauri na wenye elimu, wala hafungi kwa matamanio yake. La tatu, kizuizi humwangukia kila mtu sawasawa: Khalifa mwenyewe alirudi, wala hakusema kwamba yeye apite na wengine wabaki. Hilo la tatu ndilo lililopungua katika siku zetu. Sharti ambalo tajiri hulilipia kwa fedha ya mfukoni, na masikini akakosa kumzika dada yake kwa sababu yake, lina haja ya kutazamwa upya na wakubwa kabla ya maradhi mengine kuja. Na dereva wa lori alipimwa apite, kwa nini asipimwe kwa bei nafuu aliyefiwa?

Tena wanavyuoni wetu hufundisha kwamba hukumu hufuata sababu yake: sababu ikiwapo, hukumu ipo, sababu ikiondoka, hukumu nayo huondoka. Basi maradhi yalipozuia, tulisamehewa kutozuru. Sasa kizuizi kimeondoka, na haki ya jamaa imerudi mahali pake.

TULIYOYAONA NJIANI

Labda msomaji atauliza kwa nini sisi hatukwenda mara njia ilipofunguliwa. Chuo kilipofungwa tulikopa ili watoto wale, na mwenye deni hulipa kwanza kisha ndipo asafiri. Deni la mwisho tulilimaliza mwaka 2023, tukaanza kuweka nauli kidogo kidogo, hata Rajabu tukaondoka, sisi na ahali yetu.

Tulivuka Likoni kwa feri alfajiri, tukashika njia ya kusini. Nchi ile ni nzuri: minazi, mikanju, miembe, na karibu na Ramisi mashamba ya miwa yaliyo mapana. Baada ya Lungalunga hufika Horohoro, na hapo maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, hata msafiri hana haja ya kupanga safu mara mbili mbali mbali. Mpaka huo ulipatanwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani, wakauanzisha pwani karibu na mto Umba na kuupeleka bara. Wadigo waliokuwa watu wamoja wakagawanywa, huyu wa huku na huyu wa huko. Lakini lugha yao haikugawanyika, wala ndoa zao. Ndani ya basi letu alikuwamo bibi mmoja wa Kidigo aliyekuwa akienda kumtazama mjukuu aliyezaliwa upande wa pili.

Katika moja ya vituo tulivyopita njiani tuliona jambo ambalo twapenda wasomaji walijue. Bibi yule alitoa kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano, iliyoandikwa mwaka 2011. Afisa kijana akaitazama, akamwambia kwamba imekwisha muda wake kwa kuwa miaka 10 imepita, na kwamba hawezi kuendelea. Bibi hakujua la kujibu, akaanza kufungua pembe ya leso yake alimofunga fedha. Wakati huo akapita mkubwa wa yule kijana, akaitazama kadi, akamweleza kwa upole kwamba tangu Julai 2016 sindano moja ya homa ya manjano hutosha kwa maisha yote ya mtu, na kadi ya kale ni halali kama mpya. Bibi akaifunga leso yake akapita. Twayaandika haya si kwa kumtia mtu aibu, bali kwa sababu asiyeijua haki yake huinunua.

Tulilala Tanga kwa jamaa, tukaendelea kwa basi mpaka Dar es Salaam, na siku ya pili tukapanda boti ya kwenda Unguja, safari ya kama saa mbili. Ilikuwa ni wakati wa kaskazi, upepo unavuma vizuri na mbingu i safi.

UNGUJA

Aingiaye Unguja kwa bahari huliona kwanza jabali la Mji Mkongwe, majumba meupe yaliyosongamana, na mnara wa msikiti wa Malindi. Bandarini pasi hutazamwa tena, hata kama mtu ametoka Dar es Salaam. Mapambo ya sherehe za miaka 60 ya Mapinduzi, iliyotimia tarehe 12 Januari, yalikuwa bado hayajaondolewa katika barabara. Watalii walikuwa wengi mno. Mwaka 2019 walifika zaidi ya laki 5. Mwaka 2020 wakapungua hata karibu laki 2 na elfu 60. Na mwaka 2023 walipita laki 6. Wenye nyumba za wageni na wenye mashua wanamshukuru Mungu kwa hilo, maana wengi wao walikaa miezi bila ya kazi.

Lakini mji una pengo. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilianguka upande wake mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Tuliposimama mbele yake, ahali yetu, aliyeliona mara ya mwisho likiwa zima, alinyamaza kwa muda mrefu. Vile vile tulisimuliwa habari za mwanzo wa mwaka 2021, misiba ilipofuatana katika mitaa, na jinsi Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alivyofariki tarehe 17 Februari mwaka huo baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa. Maradhi hayakuchagua cheo.

Watoto wa dada yetu walitupokea Ng'ambo katika nyumba ile ile tuliyoijua. Mkubwa wao, ambaye sasa yeye ndiye mama wa nyumba, alitushika mikono akasema, "Shikamoo, Mjomba. Karibuni kwenu." Kisha akawaita wanawe wawili, wa miaka mitatu na wa mwaka mmoja, akawaambia, "Huyu ndiye yule mwenye sauti ya kwenye simu." Yule mkubwa akaitazama simu iliyokuwa mezani, kisha akatutazama sisi, akakimbilia nyuma ya mamake. Tulicheka sote. Lakini baada ya Isha, tulipoketi, tuliona kwamba halikuwa la kucheka tu: kwa mtoto yule jamaa za nyanya yake walikuwa ni sauti, wala si watu.

Siku ya pili tulikwenda makaburini Mwanakwerekwe. Kaburi la dada yetu ni la mchanga, lina jiwe moja la kichwani, kama alivyousia. Tulimtolea salamu, tukamwombea, tukakaa hata jua likawa kali. Mpwa wetu wa kiume alituonyesha makaburi mengine ya siku zile, huyu mamake ni mtu wa Lamu, huyu nduguze wako Vanga, huyu watoto wake wako Mombasa. Akasema kwamba katika baadhi ya hao hajapata kuona mtu akija kutoka huko tangu siku ya maziko. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu ahesabuye nyumba za jirani.

Tuliporudi, mpwa wetu wa kike akatoa sandukuni kifurushi cha kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na bangili mbili za dhahabu, amana ya mwanamke mmoja wa Mombasa, mjane, aliyemwekesha dada yetu mwaka 2018 mpaka binti yake aolewe. Dada yetu alipozidiwa alimwita bintiye, akamwambia zisitoke mkononi mwake ila kwa mkono wa mjomba wake. Mara nyingi katika miaka hiyo mitatu na zaidi watu walimshauri binti aziuze na kumpelekea mwenyewe fedha kwa simu, naye akakataa, akisema kwamba aliyeweka aliweka dhahabu, hakuweka fedha. Tulimshukuru mbele ya mashahidi wawili, tukazipima, tukaandika, tukazichukua. Zimemfikia mwenyewe salama, na binti ameolewa nazo.

Jambo hili limetufundisha kitu. Simu ni neema kubwa, na katika siku za kufungwa ilituhifadhia sauti za jamaa. Lakini simu haichukui amana, haimpi mtoto mjomba, wala haisimami kaburini.

KISIWA CHA CHANGUU

Kabla hatujarejea, wapwa zetu walitupeleka kisiwa cha Changuu, kilichoitwa hivyo kwa jina la samaki changu. Mashua huondoka ufukweni mwa Mji Mkongwe, na mwendo wake ni kama nusu saa. Watalii hukiita kisiwa cha jela, na huenda kuwatazama kobe wakubwa ambao asili yao ni kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Ni wanyama wa ajabu. Mtoto wa miaka mitatu yule aliyetukimbia siku ya kwanza alikuwa sasa ametushika kidole, akawalisha majani kwa mkono wake.

Lakini sisi lililotuvuta si kobe, bali majengo. Zamani sana kisiwa hicho kilitumiwa kuwafungia watumwa. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri katika serikali ya Sultani, alikitwaa ili kiwe jela, na jela ikajengwa. Lakini hakikupata kutumika kwa wafungwa. Kikafanywa mahali pa karantini. Wasafiri wa majahazi na meli waliotoka nchi zenye maradhi ya kuambukiza walishushwa hapo, wakakaa wiki moja au mbili, wakatazamwa na daktari, ndipo waruhusiwe kushuka mjini au kuendelea na safari zao.

Na haikuwa Unguja peke yake. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia Hijazi wakati wa Hija, kikaua maelfu ya mahujaji, na kutoka hapo kikaenea mpaka Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yakakutana Istanbul kushauriana juu ya jambo hilo. Mwaka 1882 Dola ya Kituruki ilifungua mahali pa karantini katika kisiwa cha Kamarani, ndani ya Bahari ya Sham, na mahujaji waliopita Bab al-Mandab kwa meli, wa Bara Hindi na wa Java na wa kwingineko kusini, walishushwa hapo kabla ya kufika Jidda. Basi wanaodhani kwamba kizazi chetu ndicho cha kwanza kuambiwa "Ngoja hapa, hujaruhusiwa kupita" hawajasoma habari za walio kabla yetu.

Tulisimama katika baraza ya majengo yale, tukautazama mji ng'ambo ya maji. Kutoka hapo nyumba zaonekana wazi. Msafiri aliyewekwa hapo aliuona mji alimo mkewe au mamake, akaisikia labda adhana kwa upepo, na asiweze kuvuka. Hapana shaka alihesabu siku zake moja moja. Lakini siku zilipotimia, mashua ilikuja, naye akapanda. Hatujasikia kwamba yuko mtu aliyefunguliwa karantini Changuu akasema, "Nimekwisha kuzoea, nitaendelea kukaa hapa." Na sisi wa leo, je? Wangapi wamefunguliwa tangu mwaka 2022 au 2023, na mpaka hivi sasa wamekaa ufukweni wakiutazama mji?

NASAHA KWA WENYE NYUMBA

Ewe baba na ewe mama wa nyumba, ikiwa una jamaa ng'ambo ya mpaka, anza kuweka nauli hata iwe kidogo. Hakikisha pasi yako haijakwisha muda wake. Chanja homa ya manjano siku 10 kabla ya safari au zaidi, uitunze kadi yako, na ujue kwamba sindano moja hutosha maisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Serikali ya Zanzibar imeweka bima ya lazima kwa wageni watokao nje ya Tanzania. Uliza kwanza kiwango kikupasacho, usije ukashtuka ukiwa safarini. Andika wasia wako kabla ya kuondoka, na ulipe deni lako.

Ukiwa na homa, ahirisha safari ukapimwe. Unguja kwa miaka mingi imejitahidi kuipunguza malaria hata ikawa chini ya mtu mmoja katika mia, na si adabu mgeni kuwapelekea wenyeji maradhi waliyoyafukuza. Mafundisho yale yale yaliyotuzuia mwaka 2020 ndiyo yanayotupasa mpaka leo: asiye mzima asiwaendee walio wazima.

Ukifika, usiwe mzigo. Chukua kitu mkononi, saidia kazi za nyumba, na ukumbuke neno la wazee kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zuru wagonjwa na makaburi kabla ya kuzuru maduka. Wachukue watoto wako ikiwa waweza, ili wajue sura za binamu zao. Maana sisi tulio watu wazima tutakufa, na jamaa wasiojuana nyuso hawaulizani hali. Na wewe usiyeweza kwenda kwa umri au kwa ufukara, mtume mwanao, umpe salamu na kipande cha nguo, naye akurudishie khabari kwa kinywa chake.

Maradhi mengine huenda yakaja, na njia huenda zikafungwa tena. Hilo liko kwa Mwenyezi Mungu. Zikifungwa kwa haki, tutatii na kukaa majumbani mwetu. Lakini leo ziko wazi, na majeneza ya kesho hatuyajui ni ya nani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika miaka ile bila ya jamaa zao kuwa karibu nao, awalipe kheri waliotunza amana za watu, atupe afya na uwezo wa kuunga udugu wetu kabla ya mauti kututenga, na atulinde sisi na nchi zetu na maradhi mabaya. Amin.